Kidirisha cha Upande wa Kulia

Juni 10

Jua. Ngazi sita.

Hivyo ndivyo Bibi Mavis anavyotaka daftari la safari liandikwe: tarehe, hali ya hewa, ngazi za maji tulizopita (vile vyumba vya mawe vinavyopandisha na kushusha mashua), basi. Miaka thelathini ameliandika mwenyewe. Sasa macho yamemgomea. Anasema katikati ya kila kitu kuna doa jeusi, anaona pembeni tu, kama mtu anayechungulia kwenye pazia. Kalamu kanipa mimi, na kwa kuwa hawezi kusoma nitakachoandika, nitaandika nitakavyo.

Mimi ni Brodie Sugden, miaka kumi na saba. Mimi na shule tuliachana kwa makubaliano ya pande zote mbili. Mama alisema, "Nenda na bibi yako mferejini, angalau nitajua ulipo." Basi niko hapa: Leeds mpaka Liverpool, maili mia moja ishirini na saba, kwenye mashua ya chuma nyembamba kama kabati lililolazwa, mwendo wa mtu aliyevaa viatu vinavyombana. Bata wanatupita. Mmoja aligeuka akaniangalia kwa huruma.

Mashua inaitwa Damson. Babu Norman aliijenga kwa mikono yake, na kila mwaka yeye na Bibi walifunga safari ya kwenda Liverpool, wakafika Skipton, likizo ikaisha, wakageuza. Babu amekufa bila kupita Skipton. Sasa Bibi ana miaka sabini na tisa na ameandikishwa kuingia bandarini Liverpool Julai 9. Kule huingii bila siku yako. Anataka aingie ameshika usukani mwenyewe, aione bahari. Daktari kamwambia mwezi wa kumi ukifika ataona mwanga na kivuli tu.

"Si ungoje mwakani, Bibi?"

"Mwakani utanisimulia wewe. Mungu anisaidie."

Juni 11

Jua. Ngazi nane. Soseji ziliungua. Si mimi, jiko.

Juni 13

Jua. Ngazi kumi na moja.

Nimekuwa bingwa, asiyetaka anywe maji ya mfereji. Mashua ikishaingia kwenye chumba cha mawe nafunga milango nyuma yake, nakimbia mbele, nachomeka spana kwenye jino la chuma, nazungusha. Kidirisha, kile kibao kinachoziba tundu la maji, kinanyanyuka kule chini, maji yanaingia yakinguruma, na Damson inapanda na Bibi juu yake kama malkia kwenye lifti. Milango ya mbele inafunguka, tunatoka, nafunga milango, nashusha kidirisha. Spana yangu nimeizungushia utepe mwekundu ili watu wajue ya nani.

Kila ngazi ni wimbo uleule.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Na kidirisha?"

"Nimeshusha, Bibi. Mimi si mtoto."

"Babu yako alikuwa na miaka sitini na mvi kichwa kizima, na nilimuuliza vilevile."

Juni 15

Jua kali. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne. Maji ya mfereji yamepungua, kwa hiyo kuna amri mpya: hakuna mashua kupita ngazi peke yake. Chumba kinaenea mbili ubavu kwa ubavu, basi unangoja mwenzio. Mwenzetu amepatikana, na wallahi afadhali tungepata ng'ombe.

Anaitwa Mzee Ambrose, yuko peke yake kwenye mashua ya kijani iitwayo Curlew. Ana masikio kama milango ya kabati, na kwa kila neno anafikiria kwanza. Tumegawana kazi kama wafanyavyo wote: mimi kidirisha cha upande wa kulia, yeye cha kushoto. Mimi nimeshamaliza, nimekaa, nimepiga miayo miwili, yeye ndiyo kwanza anatafuta miwani.

"Mzee, tukuletee kiti?"

"Lete, nahodha. Na chai ya kungojea akili yako ifike."

Bibi alicheka mpaka akashika ukingo wa mashua. Sikuona cha kuchekesha.

Juni 17

Jua. Ngazi tano, zile zilizopandana kama rafu.

Curlew inatangulia, sisi tunafuata. Mzee Ambrose amegeuka redio. Anasema anachokiona, kwa sauti, bila kuangalia nyuma: "Daraja linakuja, Bi Mavis, kaa katikati. Kushoto mti umelala. Kuna korongo hapa, amesimama kwa mguu mmoja kama anayemngoja fundi viatu." Bibi anaiongoza Damson kwa kumsikiliza na kutazama pembeni, na hajagusa ukuta kutwa nzima.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwambia vitu. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Kweli, jana nilimwambia kuna twiga. Alijua ni utani.

Jioni walikunywa chai wawili kwenye nyasi. Mzee kampa karatasi yenye namba yake ya simu, eti kukiwa na shida. Shida gani, na mimi nipo?

Juni 19

Jua. Skipton tumeipita! Bibi aliomba nizime injini dakika moja pale Babu alipokuwa akigeuza. Halafu akasema, "Washa."

Tangazo: kipande cha juu kabisa cha mfereji kitafungwa Jumamosi tarehe 21 saa sita mchana, mpaka mvua irudi. Aliyevuka amevuka. Tunahitaji ngazi tatu za Greenberfield tu, halafu tuko juu, halafu ni kuteremka mpaka baharini. Tutazifikia kesho. Rahisi.

Juni 20

Jua. Ngazi mbili kati ya tatu.

Leo nilikuwa moto. Pale Greenberfield kuna kibanda cha aiskrimu, na kibandani kuna msichana mwenye pete puani, naye alikuwa ananiangalia. Tulipotoka ngazi ya pili niliruka kutoka mlango mmoja hadi mwingine, juu ya maji, bila kushika kitu. Akapiga makofi. Nikaenda kununua aiskrimu ya pili, tukaongea. Nilimwambia hii mashua ni yangu. Mzee Ambrose alikuwa upande wake anahangaika na kidirisha chake, taratibu, kama anayefunga kifungo cha shati la mtoto.

Bibi alichoka, akasema tulale hapa kati ya ngazi ya pili na ya tatu, kesho asubuhi tupande ya mwisho. Mashua nyingine tano nazo zimelala huku.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Na kidirisha?"

Nilikuwa na aiskrimu mdomoni. Niliitikia kwa "mm."

Juni 21

Asubuhi nilibingirika kitandani nikagonga ukuta. Vikombe vyote vilikuwa vimelala ubavu. Nikadhani tumegongwa. Nikatoka.

Hapakuwa na maji.

Kipande chote kati ya ngazi mbili kilikuwa tope, tope jeusi linalonuka, lina baiskeli, matairi, na samaki wanaopigapiga mkia. Damson imelala kiubavu kama mlevi. Curlew na zile tano nyingine vilevile. Milango ya chini ya ngazi ya pili, tuliyotoka jana, ni mibovu, inavuja kama chujio, na kila mtu wa mfereji anajua: kidirisha kimoja cha juu kikibaki wazi, usiku mmoja unatosha maji yote kupitiliza.

Watu walikuwa wamesimama ukingoni na nguo za kulalia. Akaja bwana anayesimamia mfereji, na koti lake la bluu. Mama mmoja mwenye mbwa akamwuliza, "Si mtufungulie maji ya juu, tujae, tuvuke kabla ya saa sita?"

"Maji gani, mama? Ya juu hayatoshi hata kuosha gari. Nikiwajaza nyinyi, kule juu watakaa kwenye tope. Kuanzia sasa pamefungwa." Kisha akageuka. "Wa mwisho kupita hapa jana ni nani?"

"Sisi," akasema Bibi. "Sisi na Curlew."

"Kidirisha kilichobaki wazi ni kimoja. Nani alikuwa na kipi?"

Mzee Ambrose alikuwa amesimama na koti zito, asubuhi ya joto namna ile. Ndiye aliyeamka kwanza, ndiye aliyekwenda kukishusha. Aliniangalia. Hakunikunjia uso wala nini. Aliniangalia tu, akingoja.

Wote wakaniangalia. Bibi akageuza uso pembeni ili anione.

Nikasema, "Mimi changu nilifunga. Sijui wa upande wa pili."

Ilichukua muda. Nilisema, kwa kila neno yule mzee hufikiria kwanza.

"Basi ni mimi," akasema. "Uzee huu."

Sijawahi kumwona Bibi namna ile. Alishuka kwenye ubao ulioinama, akinyoosha mkono mbele, akamfuata Mzee mpaka kifuani. "Umeninyima bahari," akamwambia. "Nilikuwa nimebakiza ngazi moja. Moja! Mzee mpumbavu, mtu kama wewe hastahili kupewa usukani hata wa baiskeli." Mzee alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu. Bibi akaitoa ile karatasi ya namba mfukoni, akaichana, akaitupa kwenye tope.

Nilisimama pale. Nilikuwa na nafasi kama ishirini za kusema. Nilizihesabu zikipita.

Juni 22

Jua. Wameleta maji kidogo ya kutuelesha tu, turudi chini tukafunge mashua Gargrave. Mzee Ambrose ameondoka alfajiri kurudi Skipton, mfereji ukiwa bado karibu mtupu, akiisukuma mashua kwa mti.

Kwenye usukani wa Damson nimekuta spana imening'inizwa. Ina utepe mwekundu.

Niliiacha kwenye jino la kidirisha cha kulia. Changu. Mzee aliikuta jana asubuhi, akaitia ndani ya lile koti, na alikuwa nayo muda wote nilipokuwa nikisema changu nilifunga.

Naandika hapa kwa sababu Bibi hawezi kusoma.

Juni 29

Jua. Hakuna ngazi.

Julai 3

Jua. Hakuna ngazi. Bibi ameosha madirisha ambayo haoni kitu kupitia kwayo.

Julai 9

Jua. Leo ndiyo tulikuwa tuingie Liverpool. Asubuhi Bibi alivaa sweta lake la bluu, lenye vifungo vya nanga, katika joto hili, akakaa nyuma kwenye usukani. Tumefungwa kwa kamba mbele na nyuma. Alikaa mpaka saa nne. Niliuliza kama anataka chai. Akasema, "Bahari ina rangi gani pale, unadhani?"

Nikasema kijivu.

"Norman alisema kijani."

Julai 20

Joto. Bibi kaniambia nimsomee daftari, maana siku ni ndefu. Nikamsomea: "Juni 10, jua, ngazi sita. Juni 11, jua, ngazi nane." Nilipofika tarehe 20 nikasoma, "Jua, ngazi mbili." Tarehe 21 nikasoma, "Jua."

"Hukuandika chochote siku ile?"

"Sikuwa na nguvu, Bibi."

Akanipapasa kichwa. Afadhali angenichapa.

Agosti 4

Joto. Mama mwenye mbwa amefunga mashua yake karibu nasi, na kila anayepita anamsimulia. Ile habari imetembea kuliko mashua yoyote. "Yule wa Curlew. Aliyetumwagia mfereji." Leo amekuja mtu akacheka: huko Skipton mzee alitaka kupita ngazi, kila mashua ikasema inangoja mwingine. Amekaa siku mbili hakuna aliyekubali kuingia naye.

Bibi alikuwa anamenya viazi. "Anastahili," akasema. Akamenya kingine. "Siku mbili ni nyingi."

Mimi niliyekuwa na mdomo wa kumjibu kila mtu, niliinuka nikaenda kujaza ndoo iliyokuwa imejaa.

Agosti 19

Mawingu, yakaondoka. Bibi amemimina chai nje ya kikombe. Hakujua. Nilifuta kimyakimya, akasikia kitambaa.

"Usinifichie, Brodie. Nikimwaga, niambie nimemwaga."

Septemba 8

Mvua.

Septemba 9

Mvua. Watu wanatembea nje bila miavuli wanacheka kama wendawazimu.

Septemba 12

Mvua. Bibi ameniuliza kama taa imewashwa. Ilikuwa saa saba mchana.

Septemba 20

Mvua asubuhi. Wametangaza juu kutafunguliwa tarehe 27. Nilikimbia kumwambia nikitarajia ataruka. Alitabasamu tu, akasema, "Macho yangu hayakuungoja mwezi wa kumi." Kisha akasema, "Nisomee tarehe 20 ya mwezi wa sita. Nataka nikumbuke hali ya hewa ilivyokuwa siku ya mwisho nilipoona vizuri. Kulikuwa na maua ya manjano ukingoni. Uliyaandika?"

Sikuwa nimeandika maua yoyote. Nilikuwa nimeandika aiskrimu.

Nilifungua daftari. Ningeweza kutunga. Mimi ni fundi wa kutunga, maua ningempa ekari nzima. Lakini alikuwa amefumba macho ili aone vizuri, na mikono yake iko mapajani, imefunguka, kama anayengoja kupewa kitu.

Nikasoma. Msichana, kuruka, aiskrimu, "mm." Nikasoma tarehe 21 yote. Nikasoma tarehe 22, sauti ikanikatika kwenye utepe mwekundu, nikarudia.

Bibi alifumbua macho.

"Soma tena hapo kwenye spana."

Nikasoma tena.

"Nilimwitaje mbele ya watu?"

"Mzee mpumbavu."

"Na akacheka. Nikadhani ananidharau." Alisimama, akashika meza. "Namba yake niliichana."

"Ndiyo, Bibi."

"Ungenyamaza tu pale, ningekuelewa, ni woga. Lakini miezi mitatu, Brodie. Umenisikia nikimtukana miezi mitatu, na unanipikia chai."

"Nisamehe, Bibi."

"Hukunikosea mimi kwanza." Akatafuta koti ukutani, akalikosa, akalipata. "Twende nje."

"Kuna mvua."

"Watu wa mashua wapo au hawapo?"

Nilisimama kwenye njia ya kukokotea mashua, na Bibi amenishika mkono, nikagonga dirisha moja baada ya jingine. Kwa kila aliyefungua nilisema, "Si Mzee Ambrose. Ni mimi niliyeacha kidirisha." Mashua tisa. Mama mwenye mbwa alisema, "Eh, wewe!" akafunga dirisha. Wengine walisema si kitu, zamani hizo. Hao ndio waliouma zaidi.

Septemba 27

Jua na mawingu. Juu kumefunguliwa. Mashua zilipanga foleni kuelekea Greenberfield zikipiga honi. Sisi tuligeuza pua.

"Bibi, bahari je? Nitakuelezea. Kweli tupu, nakuapia."

"Nitasimama Liverpool nikinusa chumvi huku mtu mmoja hasalimiwi kwa sababu yetu? Endesha."

Septemba 30

Mvua nyepesi. Ngazi tatu. Skipton.

Curlew ipo. Imefunikwa yote kwa turubai, kamba zake zimeota ukungu wa kijani. Nilikimbia nikagonga na huku nimeshapanga maneno. Aliyetoka ni jirani, mashua ya pili, kaka mmoja anayechonga kijiko.

"Ambrose? Ameondoka mferejini mwezi uliopita. Ameenda kwa bintiye, Hull nadhani, au Grimsby. Mashua inauzwa."

"Anaumwa?" Bibi akauliza.

"Magoti. Na alisema amechoka. Miaka ishirini na sita humu ndani, halafu hakuna anayemwitikia salamu. Nyinyi ni ndugu zake?"

Bibi alinyoosha mkono akaugusa ubavu wa Curlew, akaupitisha taratibu kwenye herufi za jina lake zilizochorwa, moja moja, mpaka ya mwisho.

Nimeacha barua kwa kaka yule, huenda mnunuzi ataipeleka. Kurasa nne. Bibi alisikiliza nikiisoma, akasema ondoa ile sehemu ya kujieleza. Ikabaki ukurasa mmoja.

Oktoba 6

Upepo. Ngazi tatu. Hakuna jibu.

Naendesha mimi. Bibi anakaa mbele yangu kwenye kisanduku cha makaa na kuuliza, "Kuna nini?" Mwanzo nilikuwa nasema "miti." Sasa nasema, mti umepoteza majani upande mmoja, kuna shati jekundu kwenye kamba ya nguo, kuna korongo. Kama hakuna kitu nasema hakuna kitu. Ananyamaza kidogo baada ya kila nilichosema. Najua anachofanya. Anapima.

Oktoba 9

Mvua ilikoma mchana. Ngazi mbili. Leeds ni kesho.

Kwenye ya pili tulipotoka nilifunga milango, nikashusha vidirisha, vya pande zote mbili, nikachomoa spana nikaitia mkandani. Nikarudi.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Na kidirisha?"

"Nimeshusha vyote viwili, Bibi."

Alisimama akaninyooshea mkono, kama anavyofanya kila ngazi tangu Skipton. Nikamshusha ukingoni, nikampitisha kwenye mawe yaliyolowa mpaka upande wa kulia. Akapapasa chuma, akalipata jino, akalishika, akahakikisha liko tupu. Kisha akateremsha kiganja kwenye ufito wenye meno unaokinyanyua kidirisha, mpaka chini kabisa, penye grisi na maji baridi, akakiacha pale hadi akaridhika.

"Kimefungwa," akasema.

Tukazunguka kwenda kushika cha kushoto.